Wanadhani Ni Mtandao

Nyumba ya Malezi,
Kitui.
12 Januari 2025

Ndugu yangu Kyule,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umeamka salama, umekula, na umefua lile koti la kazi ambalo mara ya mwisho nililiona likikaribia kusimama lenyewe kwa vumbi la mbao. Mimi ni mzima. Jua la huku ni kali, mahindi yetu nusu yamenyauka, lakini kunde zimekubali.

Shangazi Kanyiva aliniandikia kabla ya Krismasi kwamba goti limetulia, na kwamba amegombana tena na jirani yake wa Makongeni juu ya kamba ya kuanikia nguo. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Sista Mlezi akaniuliza kama niko sawa. Hujasahau kwamba ndiye anayefungua barua za sisi manovisi, tunaojiandaa kuwa masista, kabla hazijatufikia. Andika ukijua hivyo, na umsalimie.

Sasa jambo lenyewe. Niliitwa ofisini wiki iliyopita. Nimekubaliwa! Mwezi wa nane, Mungu akipenda, nitaweka nadhiri za kwanza. Nilitoka pale nikaenda zizini nikalia kwa furaha, mbuzi wakinitazama.

Nyumba yetu ina desturi. Kabla msichana hajaweka nadhiri, Mama Mkuu humwita mtu wa familia mbele ya altare na kumuuliza mbele ya watu wote: "Je, mnamtoa binti yenu kwa hiari?" Yule mtu hujibu, kisha husema maneno machache ya kumuaga. Wenzangu watasimamiwa na baba zao. Sisi baba hatuna tena, wala mama, kwa hivyo nimeandikisha jina lako.

Nijibu upesi. Unajua sipendi kungoja.

Dada yako,
Ndinda

—

Kaloleni,
Nairobi.
2 Februari 2025

Dada Ndinda,

Niaje huko? Na kwa Sista Mlezi, heshima zangu nyingi. Mimi niko poa. Koti nimefua. Shangazi alipita Jumapili akitoka kanisani, akakagua sufuria moja moja, akasema tangu uondoke hapa pamekuwa pango la fisi. Paa linavuja pale juu ya kitanda chako, nimekisogeza mpaka ukutani. Kule karakana Pumwani tulipata oda ya twiga, wale warefu wa kusimama sebuleni, na tangu mwaka uanze mimi ni kupiga msasa shingo za twiga. Kazi nzuri. Mashine zina kelele, hakuna anayetaka mazungumzo.

Unaikumbuka Minara? Ulikuwa unaisikia kutoka upande wa pili wa pazia na kunifokea nipunguze sauti. Wacha nikueleze, maana hujawahi kuuliza. Ni mchezo wa simu, watatu dhidi ya watatu, kila upande una mnara wake wa kulinda. Zamani wachezaji walikuwa tele. Unabonyeza "Tafuta", na kabla hujakohoa mtambo umekupa wenzako na wapinzani, wote wa kiwango chako, wote wa karibu. Siku hizi watu wamehamia michezo mipya. Afrika Mashariki nzima tumebaki wachache, tunajuana kwa majina kama wanajumuiya. Ukibonyeza "Tafuta", kiduara kinaanza kuzunguka. Unasonga ugali, unauepua, unarudi, kiduara bado kinazunguka. Kikikosa watu wa hapa kinatutupa Ulaya, na huko ndiko kwenye lagi. Mimi nimebonyeza hapa Kaloleni, amri yangu inavuka bahari, ikifika yule mtu ashaondoka. Namwona kwa mlango, kumbe pale mlangoni alitoka kitambo. Tumejifunza kumpiga mtu mahali atakapokuwa, si mahali tunapomwona.

Timu yangu ni Akech na Hanad. Akech anashona sare za shule huko Umoja. Hanad anauza vitambaa dukani kwa mjomba wake, Eastleigh. Sijawahi kuwatia machoni, ni sauti tu. Wao wananiita Bafa. Video ikikwama na kuzunguka, vijana husema inabafa, na mimi nikiongea kwa maiki maneno yangu hukatika.

Wanadhani ni mtandao, Ndinda! Huko sauti ya kila mtu huchelewa, kwa hivyo kila mtu amezoea kumngoja mwenzake amalize. Akech husema, "Tulieni, Bafa anakuja," wanatulia, na mimi nakuja. Hakuna mahali pengine duniani nimewahi kumaliza sentensi zangu zote mimi mwenyewe.

Lile jambo lako nimelisoma. Hongera.

Ndugu yako,
Kyule

—

Kitui,
23 Februari 2025

Kyule,

Tumsifu Yesu Kristo. Sista Mlezi amepokea heshima zako na anasema una mwandiko mzuri kuliko wangu, jambo ambalo halikunifurahisha. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Mwenzangu mmoja alirudi kwao wiki jana, hakusema kwa nini, na kitanda chake kimetandikwa upya kama kwamba hakijawahi kulaliwa na mtu. Niombee.

Wewe ni mtu wa ajabu. Ukurasa na nusu juu ya mnara, halafu maneno matano juu ya nadhiri zangu!

Na hiyo ya kumaliza sentensi imenichoma, nakuambia wazi. Nani alikuwa anakumalizia? Ni mimi. Ukienda dukani kwa Mama Nyawira ukaanza "m-m-m", mimi nilikuwa nishasema mkate. Kwani ulitaka nikuache pale watoto wa mtaa wakikuita Redio Mbovu? Siku ya kumzika mama, ulipopewa ile maiki ukasimama nayo, nani aliyeichukua?

Basi niambie tu. Kama shida ni kuongea, halina neno. Mjomba Mativo yuko Mwingi, na ana sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili. Yeye ni ndugu ya mama, anaweza kusimama, nawe ukae kiti cha mbele umevaa suti ya baba. Hakuna atakayekunyooshea kidole.

Kwaresima inaanza. Hatupokei barua wala kutuma mpaka Pasaka ipite. Ukiandika, barua itangoja ofisini. Lakini usiache kuandika kwa sababu hiyo.

Dada yako,
Ndinda

—

Kaloleni,
9 Machi 2025

Dada,

Najua barua hii italala kwa droo ya Sista Mlezi mpaka Bwana afufuke. Naandika hivyo hivyo. Salamu kutoka kwa Shangazi, ambaye sasa anaongea na yule jirani tena kwa sababu wote wawili wamepata adui mpya, mtu wa maji. Mama Nyawira anakuulizia kila nikienda dukani. Namjibu kwa kichwa.

Kuna jambo kubwa limetokea. Hanad amekuwa akiwaandikia wenye mchezo mwaka mzima. Aliwapa majina yetu sote tuliobaki, Nairobi, Kisumu, Arusha, Kampala, akawaambia watuwekee seva ya karibu. Seva ni ile kompyuta inayobeba mchezo. Dada, wamekubali! Itawekwa hapa Nairobi kwa majaribio. Wakiona watu tunatosha kujaza mechi, itabaki. Wakiona hatutoshi, wataizima.

Hakuna tena kuvuka bahari. Lagi imekwisha. Akech alipiga kigelegele mpaka nikatoa spika sikioni. Hanad, ambaye huwa hapandishi sauti, akasema, "Bafa, ndugu yangu, hatimaye hata wewe tutakusikia vizuri."

Nikasema p-p-poa.

"Bado wiki moja," akasema. "Vumilia huo mtandao wako wiki moja tu."

Nimekaa na simu mkononi tangu hapo. Twiga wa leo nimempiga msasa mpaka shingo imekuwa nyembamba, fundi mkuu amenipigia kelele.

Kuhusu Mjomba Mativo, usimwite. Sijasema nitakuja. Sijasema sitakuja.

Kyule

—

Kaloleni,
30 Machi 2025

Dada,

Mvua imeanza. Shangazi yuko salama. Minara nimeiacha, nimeifuta kwa simu. Usiniulize.

Kyule

—

Kitui,
22 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Kristo amefufuka kweli kweli. Tulikesha, tukaimba, nikapewa kusoma somo la Kutoka na sauti haikunikwama. Samahani. Neno hilo limetoka tu, na nikilifuta Sista Mlezi atadhani nimeficha kitu.

Nilipewa barua zako mbili siku moja. Nikafungua ile fupi kwanza. Mistari miwili! Nilikaa nayo nikidhani umeugua au umefukuzwa kazi, ndipo nikafungua ya kwanza nikaelewa.

Umesema nisikuulize. Sikuulizi. Nitakueleza mimi. Seva ilifunguliwa, sauti zikawa safi, ukafungua mdomo, wakasikia. Nawe ukatoka mbio. Kyule, wewe ni mwanamume mzima. Watu hao hawajakufukuza, hawajakucheka, wewe umewakimbia kabla hawajapata hata nafasi ya kukukosea. Nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu nakupenda na niko mbali, na siwezi kuja hapo nikubishie mlango.

Nimeona kwamba nimekutwika jambo zito. Kama wale wa sauti tu umewakimbia, kanisa zima litakuwaje? Kwa hivyo nimemwandikia Mjomba Mativo, naye amekubali kwa moyo mkunjufu. Atasimama yeye. Mzigo huo nimekutua. Wewe njoo tu, ukae, ule pilau.

Mbuzi mapacha wanakua. Mmoja ana tabia zako, huenda pembeni akikasirika.

Dada yako,
Ndinda

—

Kaloleni,
18 Mei 2025

Dada,

Salamu za watu nitakupa kwa mkupuo mmoja: wote wazima. Leo nina hasira na sina nafasi.

Umefanya tena. Umenimalizia. Tena safari hii umenimalizia kwa barua, mahali ambapo sina hata kigugumizi!

Seva ilifunguliwa, hapo hukukosea. Siku ya kwanza nilitaka kusema "mlango wa kushoto". Nikakwama kwa m. Hakukuwa na kitu cha kunificha, sauti iligonga tu m-m-m kama pikipiki iliyokataa kuwaka, na yule adui akapita huo mlango wa kushoto akabomoa mnara wetu. Nikasema mtandao wangu ni mbaya leo. Akech akasema, "Lakini Bafa, alama yako ni ya kijani." Kwa skrini kuna alama, kijani ni mtandao mzuri, nyekundu ni mbaya. Na kweli, ilikuwa kijani kibichi. Nikazima simu. Ndiyo, nilikimbia.

Lakini ya baadaye huyajui, kwa hivyo kaa chini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje nafua, watoto wakaja wakisema kuna wageni wanamtafuta mtu anaitwa Bafa. Walikuwa wametoka kule Social Hall wakiuliza nyumba kwa nyumba. Jina langu halisi hawalijui. Walichojua ni kwamba naishi Kaloleni, na kwamba nikiwasha maiki husikika honi ya treni na Mama Nyawira akiwaita watu wa chapati, wakafuata hayo. Mbele alikuwa mwanamke mnene kidogo, futi ya kupimia nguo shingoni, na nyuma yake kijana mrefu mwenye miwani amebeba katoni. Nikasema, "K-k-karibuni." Yule mwanamke akapiga makofi. "Ndiye huyu! Hanad, ndiye huyu!"

Ndani ya katoni, Ndinda, kulikuwa na ruta, kile kisanduku cha kusambaza mtandao nyumbani. Wameninunulia ruta! Walikuwa wamekaa wakachunguza. Seva ni sawa, alama ni ya kijani, na bado sauti ya Bafa inakatika, basi kosa liko kwa nyaya za hizi nyumba za zamani za Kaloleni. Hanad tayari amepanda kwa stuli ya baba anapapasa ukuta, anaulizia soketi. Akech ananieleza kwamba tangu nitoke hawajapata mechi hata moja. Wanakaa wawili, wanabonyeza "Tafuta", kiduara kinazunguka mpaka wanachoka. Na mechi zisipojaa, seva inazimwa. "Sisi si wengi, Bafa," akasema. "Wewe ukikosekana, mchezo hauanzi."

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Nikawaambia. "Si m-m-mtandao. Ni m-m-m." Hapo nikakaa, nikakaa sana. Hanad juu ya stuli, ruta mkononi. Akech ametulia vile vile alivyokuwa akitulia kwa simu. Hakuna aliyenisaidia. Nikafika mwenyewe: "Ni mimi."

Akech akasema, "Kumbe siku zote hizi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hanad akatafakari, akaiangalia katoni. "Sasa ruta tuirudishe dukani?"

Wallahi tulicheka, mimi hata kuapa nimeanza kuapa kama yeye, mpaka Mama Nyawira akaja kuchungulia. Hakuna aliyeniambia pole. Akech akasema, "Tulikuwa tunakungoja, tutaendelea kukungoja. Kwani kipya ni kipi?" Nikairudisha Minara kwa simu wakiwa hapo hapo. Tulishindwa mechi tatu mfululizo na ilikuwa Jumamosi nzuri.

Sasa nikuambie lile ambalo wewe, bingwa wa kujua neno langu kabla halijatoka, hukulijua. Unadhani naogopa kanisa kwa sababu ya ulimi. Ulimi si kitu. Nimekwama mbele ya watu maisha yangu yote na bado nakula. Sikukujibu kwa sababu nitaulizwa kama nakutoa kwa hiari, na jibu langu ni hapana. Sitaki. Baba alienda, mama akaenda, na wao hawakuniuliza. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza, na unataka niseme ndiyo kwa mdomo wangu. Mjomba Mativo ataisema kwa sauti kubwa, mbona asiseme? Si yeye anayerudi kwa nyumba hii akitoka huko.

Na Sista Mlezi akifika hapa, na asome.

Kyule

—

Kitui,
10 Juni 2025

Kyule,

Natumaini mko salama. Mbuzi hawajambo.

Sista Mlezi alinipa barua yako mkononi na hakuniangalia usoni. Niliisoma kanisani, nikaisoma tena shambani, nikashindwa kula chakula cha jioni.

Sikujua. Naapa sikujua. Nilifikiri nakufahamu mpaka ndani ya koo.

Nilienda kwa Mama Mkuu nikamuuliza, mtu wa familia akijibu hapana, inakuwaje? Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema swali lile si pambo la misa. Familia ikisema hapana, nadhiri husimamishwa siku hiyo hiyo, msichana anarudi kukaa na manovisi, na masista wanakwenda kuketi na familia mpaka waelewane, hata kama ni mwaka. Imetokea.

Nimemwandikia Mjomba Mativo kwamba aje kama mgeni. Wa kuulizwa ni wewe.

Sitakuficha kitu ili upate nafuu. Nataka kubaki huku. Nimeitaka nyumba hii kwa moyo wangu wote tangu siku ya kwanza, na nikirudishwa nyuma mbele ya wenzangu wote sijui nitasimamaje. Hayo ndiyo yangu. Yako siyajui, na safari hii sitayasema badala yako.

Ndinda

—

Kaloleni,
20 Julai 2025

Dada,

Niaje. Baridi ya mwezi huu imetushika, kumenyesha manyunyu wiki nzima na mbao hazikauki. Shangazi ameshonewa gauni na Akech, la zambarau, analivaa hata kwenda kuchota maji. Seva bado ipo. Wameingia vijana wawili kutoka Huruma, na mmoja wa Arusha alirudi, kwa hivyo mechi zinajaa, ingawa kiduara bado kinatuzungusha.

Akech na Hanad watanisindikiza. Hanad ameuliza kama Mwislamu anaweza kuketi kanisani. Nimemwambia aketi nyuma, akiona watu wanapiga magoti yeye akae tu.

Nitakuja. Nitakachosema sijui, na si kwamba nakuficha. Kila asubuhi nina jibu, jioni nina lingine. Usiniandikie tena kabla ya siku hiyo.

Kyule

—

Kitui,
24 Agosti 2025

Ndugu yangu Kyule,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mlifika salama na Shangazi hakuwachosha kwa nyimbo njia nzima. Gauni lake limekuwa gumzo hapa, masista wawili wameulizia fundi. Mwambie Hanad kwamba Sista wa jikoni anamsifu kwa sababu ndiye mgeni pekee aliyerudisha sahani yake. Pete imenibana kidogo, nimeambiwa kidole kitaizoea.

Baada ya misa nilivutwa huku na huku kupigwa picha, na nilipokutafuta gari lenu lilikuwa limewashwa. Kwa hivyo nakuandikia niliyoyaona, maana nadhani mle kanisani ni mimi peke yangu niliyeyaona.

Mama Mkuu alikuuliza. Nawe ukanyamaza.

Kwanza watu walitulia. Kisha wakaanza kukusaidia. Padre akakutabasamia kama anavyowatabasamia watoto wa komunyo ya kwanza. Kina mama wa kwaya wakaanza kunong'ona "Ndiyo, ndiyo." Mjomba Mativo akainuka nusu, Shangazi akamvuta koti akaketi. Kule nyuma wenzako wawili hawakusogea. Nilisikia mtu akisema, "Maskini, amekwama."

Mimi nilikuwa nimekuangalia. Nakujua tangu ulipoanza kusema mama. Ukikwama shingo yako hukaza, na jicho la kushoto hufumba. Shingo yako ilikuwa imelegea, Kyule. Macho yote mawili yalikuwa wazi na yalikuwa yananiangalia mimi.

Hukuwa umekwama. Ungeweza kusema neno lolote. Niliiona ile hapana, nzima, iko tayari mdomoni mwako, na haikuhitaji msaada wa mtu. Nilitaka kutikisa kichwa nikuombe, nilitaka hata kuutengeneza mdomo wangu ulione neno. Nikashika mikono yangu nyuma, nikangoja. Sijawahi kungoja kitu kirefu kama kile.

Ndipo ukasema, "Ndiyo." Laini, bila hata mkato. Yale maneno ya kuniaga hukuyasema, uligeuka tu ukarudi kitini.

Kanisa lote lilipiga makofi kwa sababu walidhani umeushinda ulimi wako. Padre alinifuata mezani kunipa hongera, akasema ndugu yangu ni jasiri, amepigana na kigugumizi mbele ya umati. Nilimwambia hapakuwa na kigugumizi. Hakunielewa, akanipa soda.

Nimepata nilichokitaka, na nimejua umekitoa wapi. Imenikata maini. Mchana naimba na wenzangu, nikikaa peke yangu naona uso wako pale mbele, ukiwa na hapana yako mkononi na ukaamua kuiweka chini.

Asante, ndugu yangu. Sina neno lingine, na hata kama ningekuwa nalo nisingethubutu kuliweka juu ya lako.

Bado dada yako,
Sista Ndinda